Mkanda Usio na Tundu

Ile ya nati mafundi wanaiita spana malaya,
kwa kuwa hailali na saizi moja.
Heri na hii yangu ya bomba ingekuwa hivyo.
Inchi kumi na nne, na maringo ya bi harusi wa ndani:
uibembeleze kwa kidole gumba,
nati yake izunguke, izunguke, izunguke,
ndipo taya lishuke unene wa ukucha.

Na Newala maji hayangoji maringo.
Yanapanda kutoka Mitema yakihema,
yanafika mtaani kwetu Jumanne, saa nane za usiku,
na yakikuta soketi imepasuka
yanazama mchangani kana kwamba hayakupanda mlima.
Mimi shimoni, magoti kwenye tope, tochi mdomoni,
mkono mmoja umeziba,
mwingine unabembeleza nati iliyojaa mchanga.
Juu yangu Bi Nantende anahesabu kwa sauti:
ndoo ya kwanza hiyo. Ya pili hiyo.
Somoe, ya tatu hiyo.

Tulifika kumi na moja usiku ule.

Mnadani nikamkuta kijana wa mitumba
anauza mkanda usio na tundu.
Unauvuta, trrr, unauma palepale kiunoni;
unabonyeza kiulimi chini ya bizimu, unaachia.
Nikauvuta, nikauachia. Nikauvuta.
"Shemeji ana kiuno cha ngapi?" akauliza.
Nikamwambia, robo tatu,
na siku nyingine inchi mbili.

Nikaufumua kwa kisu cha jikoni.
Siri yake ndogo kama punje:
meno yaliyolalia upande mmoja,
kiulimi kinachoyaegemea,
na springi ya kukirudisha kiulimi nyumbani.
Nikachora nyuma ya mfuko wa salfa,
nikakata taya kwa boksi la sabuni,
nikalisogeza mezani nikisema trrr kwa mdomo wangu,
maana boksi halina sauti.

Nambunga wa gereji alinichongea la kwanza
kwa springi ya Fuso iliyokatika.
Liliuma vizuri mpaka nilipotia nguvu.
Likateleza,
ngozi ya vifundo vitatu ikabaki kwenye ukuta wa zahanati.
La pili liliuma likagoma kuachia;
tukalikata kwa msumeno, na bomba la watu nikalilipa.
Nambunga akasema meno yamekuwa marefu kuliko akili.
Akayasaga nusu.
Nikamwambia, na uyalaze, kama nywele zilizochanwa:
nikivuta yakaze, nikirudisha yasamehe.

La tatu ndilo hili.
Bonyeza, sukuma, achia.
Kutoka nusu inchi hadi mbili
kabla Bi Nantende hajamaliza kusema ndoo.

Jumanne iliyopita nikampa Mchopa, mwanafunzi wangu,
ashuke nayo,
nikakaa juu ya udongo kama bosi.
Akaishika. Akaigeuza. Akaigeuza tena.
Gumba lake linapapasa chuma, halipati kitu.
"Fundi, kiulimi kiko wapi?"

Kiko upande wa shoto,
mahali gumba langu lilipo tangu nizaliwe.
Miaka arobaini nakata kwa mikasi ya watu wa kulia,
nala kwa mkono wao,
mama akinichapa kiganja nikisahau,
na chombo cha kwanza kutoka kichwani mwangu
nimewafungia wao nje
wala sikujua.

"Ya tano hiyo," akasema Bi Nantende.
Nikavua kanga ya juu, nikashuka mwenyewe.

Kesho naenda tena kwa Nambunga:
kiulimi kihamie mgongoni, katikati,
gumba lolote likifikie gizani.
Mchopa kashanichorea, vibaya, kwenye boksi jingine la sabuni.
Ila hili la shoto
halirudi kwenye moto.